Mwani hauna mwezi: niliyojifunza nikikusanya data Unguja

Swali la 14 kwenye hojaji yangu lilikuwa: "Kipato chako kwa mwezi ni shilingi ngapi?" Lilikuwa fupi, msimamizi wangu alilipitisha, nami nikalibeba hadi pwani ya mashariki ya Unguja. Utafiti wangu wa shahada ya uzamili ulihusu wanawake wanaolima mwani.

Siku nne za mwanzo nilijaza hojaji 23. Nilipokaa usiku kuzipitia, nikakuta elfu hamsini kamili, laki moja kamili, elfu hamsini tena, na "inategemea" nyingi. Kesho yake nikamuuliza bi mmoja mtu mzima, aliyekuwa akilima tangu kilimo hiki kilipoanza kibiashara mwaka 1989, kwa nini majibu yanafanana hivi. Akaniambia, "Mwanangu, mwani hauna mwezi. Mwani una bamvu."

Shamba la mwani hufikika maji yanapopwa sana, yaani wakati wa bamvu, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu. Mkulima anafunga mbegu bamvu hili, anavuna baada ya kama wiki sita, anaanika, kisha anauza kwa kilo. Mwezi huu ana pesa, mwezi ujao hana. Kitu nilichokuwa nikikiuliza hakikuwepo kichwani mwa mtu yeyote pale. Na mtu mwenye adabu, mgeni akimuuliza asichokijua, hatamwacha aondoke mikono mitupu, atampa namba.

Nikalivunja swali: Mavuno ya mwisho ulipima kilo ngapi kavu? Ni cottonii au spinosum? Kilo uliuza bei gani? Kabla ya hapo ulivuna lini? Aina ilikuwa lazima niiulize, maana cottonii ina bei nzuri zaidi lakini hufa maji yakipata joto, na wengi wamebaki na spinosum. Sasa majibu yalitoka bila kusita, wengine wakaingia ndani kuleta daftari. Zile hojaji 23 niliziweka kando zote. Iliniuma, kwa sababu nauli na siku nne vilikuwa vimekwenda. Kwa hiyo nakusihi: kabla hujachapa hojaji, ijaribu kwa watu kama kumi wanaofanya kazi ileile unayoichunguza, katika kijiji ambacho hutakirudia. Kuijaribisha kwa wanafunzi wenzako hakutakuonyesha kosa kama langu, kwa kuwa wao wanaishi kwa mwezi kama wewe.

Bamvu likifika, usimwendee mkulima na karatasi. Maji hayamsubiri. Mimi nilikwenda nao shambani, nikafunga mbegu kwenye kamba pamoja nao, na huko nikaona ambalo hojaji isingenionyesha. Kwenye swali la wasaidizi karibu wote walijibu "sina", lakini watoto wakitoka skuli walikuja moja kwa moja kubeba mwani mbichi hadi ufukweni. Kwao msaidizi ni mtu wa kulipwa. Mtoto ni mtoto. Mahojiano marefu niliyaweka siku za maji mafu, yaani maji yasipopwa sana, alasiri, barazani.

Kwa sheha ni lazima ufike, na barua yako ya kibali mkononi, kama vile Bara unavyoanza kwa mtendaji wa kijiji. Sheha alinisaidia kwa moyo, akaniitia watu. Baadaye nikagundua kuwa karibu wote ni viongozi wa vikundi vya wakulima wa mwani, na wote wanasifu vikundi. Nikaomba orodha ya wakulima wote wa shehia, nikachukua kila wa tano. Humo ndimo nilimokutana na waliojitoa kwenye vikundi, na sababu zao zikawa sura nzima ya tasnifu.

Majadiliano ya kikundi nusura yaniharibikie. Nilikaa na wanawake wanane wa umri mchanganyiko, wakazungumza watatu tu. Wale vijana walikuwa mbele ya mama wakwe zao, nami nawauliza nani anashika pesa ya mwani. Nilipowatenganisha kwa umri, wasichana walizungumza mpaka adhana ya magharibi.

Kuhusu vifaa sina mengi. KoboToolbox, programu ya kujazia hojaji kwenye simu, inafanya kazi bila intaneti na unaweza kuipangia ikatae tarakimu zisizowezekana. Maelezo ya ulichokiona yaandike usiku uleule.

Kurekodi sauti, omba ridhaa, na ukikataliwa simu iingie mkobani mbele ya macho ya mwenyewe. Mama mmoja alikataa. Nilipofunga zipu ya mkoba, alinieleza kwa saa nzima jinsi bei inavyopangwa na jinsi mizani inavyopunja. Nikamuuliza kama naruhusiwa kuyaandika nikishaondoka. Akasema, "Andika, ila shehia yangu usiitaje." Kwenye tasnifu sikuitaja, na hapa siitaji.