Jibu: Kwa nini wachache wasikilizwe ikiwa wengi wameridhika?
Ndugu, swali lako linanikumbusha Tume ya Jaji Mkuu Francis Nyalali, iliyoundwa mwaka 1991 kukusanya maoni ya Watanzania kuhusu mfumo wa vyama. Takriban asilimia 80 ya waliohojiwa walitaka chama kimoja kiendelee, lakini tume ikapendekeza vyama vingi, na sheria ikabadilishwa mwaka 1992. Kinachosahaulika, nacho kwangu ndicho kizito zaidi, ni kwamba tume hiyohiyo ilitaja sheria 40 kandamizi, ikiwamo ile ya mwaka 1962 ya kuwaweka watu kizuizini. Pale ambapo mtu angeweza kufungiwa bila kushtakiwa, ni vigumu kujua nani aliridhika kweli na nani alinyamaza tu.