Mwanangu, kuhusu hoteli ya Kisoro

Mwanangu Musa,

Salamu zimefika, na picha za mjukuu wangu nimeshawaonyesha majirani wote, hata wasiotaka. Umeniuliza kama usiku wa Julai pale hotelini Travellers Rest ni baridi mno kwa mtoto, kwa kuwa wewe na mkeo mnataka kuja kulala huko siku kadhaa mpumzike. Baridi ipo. Wewe mwenyewe umezaliwa Kisoro, mji uko juu zaidi ya mita 1,800, na Julai mvua hakuna, mbingu huwa wazi, usiku unauma. Lakini nadhani ulitaka kujua jingine: mama atanuna mkipita mlangoni kwake na mabegi mkaenda kulala hotelini? Hukuuliza, ila nitajibu.

Mimi na marehemu baba yako tuliwahi kulala pale, wewe hujazaliwa. Umeisikia kwa shangazi yako, na yeye ana namna yake ya kusimulia. Baba yako alikuwa amerudi na lori kutoka Goma, kalipwa deni alilokwisha kulikatia tamaa, akaniambia nivae kitenge kizuri. Nikadhani tunakwenda harusini.

Hoteli ile aliipenda kwa hadithi zake. Unamjua, akipata msikilizaji chai inapoa. Alimkalisha mhudumu, ambaye bila shaka alizijua kumshinda, akamweleza habari za yule Mjerumani, Walter Baumgärtel, aliyeishika hoteli mwaka 1955, Waingereza wakiwa bado wanatawala, akawa anapeleka wageni kutafuta gorila huko mlima Muhabura. Kisha ya Dian Fossey, yule Mmarekani mtafiti wa gorila, alivyotoroka Kongo mwaka 1967 akakimbilia hoteli hiyo hiyo. Hiyo aliisimulia kana kwamba usukani alikuwa ameushika yeye.

Mimi nilikuwa natazama moto. Pale ukumbini kuni zilikuwa zinawaka ukutani, na kila zikipungua alikuja mtu kuongeza gogo, na mtu huyo si mimi. Tangu utoto wangu sikuwahi kukaa mbele ya moto ambao sikuuwasha au sitauzima. Ndiyo maana nasema siku zote, na ndugu zako wamechoka kunisikia: kupumzika ni mtu mwingine kuwasha moto. Kitanda hata nyumbani kipo. Mlima nao upo, Muhabura huyo huyo wa mita 4,127 ninamwona nikiwa naanika nguo, wala silipi.

Asubuhi nilishindwa kujizuia, nikatandika kitanda, nikaosha vikombe bafuni. Binti wa usafi akaingia, akatazama huku na huku, akasema, "Mama, umeninyang'anya kazi." Nilicheka mpaka baba yako akatoka nje kuangalia kuna nini.

Tuliporudi, shangazi yako alikuwa ameketi uani. "Nyumba mnayo, mmekwenda kulipia kitanda cha Mzungu?" Alisema hivyo mbele ya wateja wa maharagwe. Na baba yako, mtu ambaye hajawahi kukosa neno, akanyamaza. Mimi nikaenda kumchemshia wifi yangu chai. Hadi leo nikimwona harusini jibu linanijia zuri kabisa, limepangika, ila wateja wale wamekwisha kwenda zao zamani.

Sasa wewe unaniletea habari ya hoteli, na neno la kwanza kunijia mdomoni ni lile lile la shangazi yako. Nyumba ipo! Chumba chako nimekipaka rangi. Viazi nilivyovuna vitaliwa na nani? Kisha nikamfikiria mkeo. Akilala hapa ataamka kabla yangu, maana amelelewa vizuri. Atafagia uwanja, atabandika chai, atamenya viazi hivyo hivyo na kuniambia hajachoka. Hapo amepumzika nini? Kupumzika ni mtu mwingine kuwasha moto, na kwangu huyo mtu mwingine atakuwa yeye. Ningemkataza? Ningemkataza mara moja, kisha ningemwachia, nijijue.

Lakini mtoto je? Mtoto wa Kampala asilale kwa bibi yake hata usiku mmoja? Akililia bibi hotelini, mtamwimbia nini? Nyimbo zetu hamzijui hata mbili.

Basi siamui. Ningependa kuamua, na blanketi jipya nimeshanunua, ila siamui. Pesa ni zenu na mgongo unaochoka ni wenu. Shangazi yako akikuuliza mmelala wapi, mwambie aje aniulize mimi. Nina jibu lake.

Mtoto mvalisheni soksi za sufu na kofia akilala. Jumapili mchana mnakula kwangu, hilo halina mjadala. Na ingawa barabara ya Kabale siku hizi ni lami, ukikuta ukungu mzito pale Kanaba, egesha pembeni usubiri. Baba yako alikuwa anapita tu huku anapiga honi.

Mama yako