Nimeitwa Ng'ambo: Majibu ya Maswali Yenu Kuhusu Misheni

Tangu vijana wa makanisa yetu hapa Mombasa waanze kujiandaa kwenda misheni nje ya nchi, maswali yamekuwa mengi. Nimechagua machache yanayowagusa wengi. Mengine yamehitaji jibu refu, mengine yatatosha maneno mawili.

Bwana asifiwe, mchungaji. Nimealikwa kuhubiri katika nchi moja ya Asia kwa miezi sita. Ndugu aliyenialika anataka nijaze kwenye fomu ya viza kwamba mimi ni mtalii, kwa kuwa viza ya kidini ina usumbufu. Anasema Mungu atawapofusha maafisa wasione. Nifanyeje? – Kijana wa Mikindani

Usijaze hivyo, ndugu yangu. Unakwenda kuwaambia watu habari ya Kristo aliye kweli. Huwezi kuingia kwao kwa uongo ulioutia sahihi kwa mkono wako.

Soma Nehemia sura ya 1 na ya 2. Alifunga, akaomba, akalia kwa ajili ya Yerusalemu. Kisha akamwomba mfalme barua kwa maliwali wa ng'ambo ya Mto wampitishe, na nyingine kwa mlinzi wa msitu apewe miti ya kujengea. Maombi na barua vilikwenda pamoja, wala hakuona aibu. Hata hapa kwetu ilikuwa hivyo. Johann Ludwig Krapf, mmisionari Mjerumani, kabla ya kukaa Mombasa mwaka 1844, alipita Unguja kwa Sultani Seyyid Said na kupewa barua ya kumtambulisha kwa maliwali wa pwani. Barua ile ilisema wazi kwamba ni mtu mwema anayetaka kuwaongoza watu kwa Mungu. Mtawala Mwislamu alijua mgeni wake amekuja kufanya nini, akamwandikia. Ukweli ulimfungulia njia.

Tena fikiria watakaobaki. Wewe ukikamatwa utarudishwa nyumbani na pasipoti iliyochafuka. Lile kanisa dogo lililokupokea ndilo litakaloitwa kuhojiwa, na washirika wake hawana pa kukimbilia. Sisi Kenya tuna kibali cha daraja I kwa wageni wanaokuja kufanya kazi ya dini, na tunataka wakichukue. Tuziheshimu sheria za wenzetu vilevile. Kama nchi hiyo haitoi viza ya kidini, nenda kwa kazi halisi unayoiweza: ualimu, uuguzi, ufundi. Lakini uifanye kweli. Paulo alishona mahema, na watu waliyalalia.

Jambo la mwisho, na hili linaninyima raha. Akikuomba umtumie pasipoti yako aishike yeye, au pesa kwa simu "za kushughulikia viza," simama hapohapo. Tumeona hapa Pwani watu wakisafirishwa kwa ahadi tamu na kutupwa utumwani. Piga simu ubalozi wenyewe, na uwaombe wazee wa kanisa lako wazungumze na kanisa la kule bila kumpitia yeye.

Mimi na mke wangu tumeitwa kwenda Sudan Kusini pamoja na watoto wetu wawili. Nauli hatuna. Kiongozi wetu anasema tuuze kiwanja chetu Kilifi tuondoke kwa imani, Mungu atafungua mbele ya safari. – Baba wawili, Changamwe

Msiuze bado. Kwanza niulize: kanisa lenu litatoa nini?

Kule Antiokia, Matendo 13, kanisa lilifunga, likaomba, likawawekea Barnaba na Sauli mikono, likawatuma. Wafilipi nao walimpelekea Paulo mahitaji yake zaidi ya mara moja alipokuwa Thesalonike, na yeye akawaandikia akiwashukuru. Kanisa linalompa mtu cheti na maombi ya saa nzima, kisha likamwachia nauli juu yake, kwa maoni yangu halijamtuma. Limemuaga tu. Nalisema hili kwa uchungu kwa sababu nimeona familia zilizorudi zikiwa na madeni na watoto waliokosa shule, na hakuna aliyekuja kuwapokea.

Bwana mwenyewe alisema mtu akitaka kujenga mnara huketi kwanza akahesabu gharama. Ketini basi. Andikeni nauli ya kwenda na ya kurudi, kodi ya nyumba, karo, bima ya afya itakayolipia hata ndege ya mgonjwa, na akiba ya miezi kadhaa isiyoguswa. Hesabu hiyo iwekeni mbele ya kanisa, ya makanisa rafiki, ya jamaa. Michango ipite katika akaunti ya kanisa yenye watia sahihi zaidi ya mmoja, isipite katika simu yako, na kila mchangiaji apewe taarifa ya matumizi hata kama alitoa shilingi hamsini. Msizidishe chumvi katika barua za kuomba msaada. Msiseme watu elfu wameokoka kama waliokoka ni watatu. Mungu anayeweza kuwalisha haitaji kusaidiwa kwa takwimu za uongo.

Kiwanja ni cha watoto pia. Mkifika mahali pa kukiuza, na iwe ni uamuzi wenu wawili, mkiwa mmetulia, bila mtu kuwasimamia mimbarani.

Binti yangu wa pekee ni muuguzi. Anataka kwenda kuhudumu Chad. Nikilia naambiwa sina imani. – Mama wa Bamburi

Shikamoo, mama. Lia. Wazee wa Efeso walipoagana na Paulo kule Mileto walilia sana, wakamwangukia shingoni, wakiwa na huzuni kwa kuwa alisema hawatamwona uso tena. Maandiko hayawalaumu hata kwa neno moja. Anayekwambia machozi ni upungufu wa imani hajazaa, au amesahau.

Sitakudanganya kwamba kila anayekwenda hurudi salama. Sisi wa Mombasa tunajua. Rosine, mke wa Krapf, alifariki hapa Julai 1844, miezi michache tu baada ya kufika, na mtoto wake mchanga akamfuata. Kaburi lake liko ng'ambo ya kisiwa, upande wa Nyali, na watu hupita karibu nalo kila siku bila kujua. Ahadi tuliyopewa katika Mathayo 28 ni hii: "mimi nipo pamoja nanyi siku zote, hata ukamilifu wa dahari." Hakuna mahali alipoahidi kwamba hatutaugua. Ahadi hiyo ni kubwa kuliko ninavyoweza kueleza, nami nakuombea ikushike usiku ule usingizi unapokukataa.

Lakini mama, unayo haki ya kuuliza, na uulize bila woga. Msimamizi wake kule ni nani, na namba yake ni ipi? Hospitali kubwa iliyo karibu ni ipi? Akiugua sana, nani atamleta nyumbani, na kwa pesa za nani? Mtapigiana simu siku gani? Shirika au kanisa lisiloweza kukujibu hayo halijawa tayari kukabidhiwa mtoto wa mtu. Naye binti mwambie kwamba kukutuliza wewe ni sehemu ya maandalizi yake. Asiondoke mkiwa hamsemezani.

Je, kuchanja kabla ya safari ni kutomwamini Mungu? – Likoni

Hapana. Chanja. Nchi nyingi za Afrika zitakudai cheti cha homa ya manjano mpakani, na cheti huanza kufanya kazi siku 10 baada ya chanjo, kwa hiyo usingoje wiki ya safari. Tangu 2016 cheti hicho hudumu maisha yote. Luka alikuwa tabibu, na alisafiri na Paulo.

Nakwenda Saudia kufanya kazi ya nyumbani kwa mkataba wa miaka miwili. Kanisani wamenitangaza kuwa mmisionari. Naogopa. Nihubiri vipi? – Dada wa Kisauni

Dada yangu, woga wako una akili. Waliokutangaza walipaswa kuzungumza nawe kwanza. Sheria za kule haziruhusu kuhubiri Injili wala kufanya ibada ya Kikristo hadharani, na wewe utakuwa peke yako katika nyumba ya mtu. Usibebe mzigo ambao Mungu hakukutwika. Umekwenda kufanya kazi, na kazi safi ni ibada mbele zake.

Namkumbuka yule msichana mtumwa katika 2 Wafalme 5. Jina lake hatuambiwi. Alichukuliwa mateka, akatumikishwa katika nyumba ya Naamani. Hakuhubiri, alimhurumia bwana wake mgonjwa, akamwambia bibi yake kwamba yuko nabii Samaria. Alisema sentensi moja kwa wakati wake. Ukiulizwa imani yako, jibu kweli kwa upole. Usipoulizwa, omba kimyakimya. Umekulia Kisauni, umekula pilau ya Idi kwa majirani, unajua kuishi na Waislamu kwa heshima. Hilo litakusaidia kuliko mahubiri yoyote utakayokariri.

Kabla ya kuondoka, hakikisha wakala wako amesajiliwa, soma mkataba hadi mwisho, na umwachie mtu unayemwamini nakala ya mkataba, ya pasipoti na namba ya ubalozi wetu Riyadh. Ukidhulumiwa au ukiguswa vibaya, toka utafute msaada. Mungu hakukuita kuvumilia hilo.

Mmisionari si mzungu? Wataniskiza kweli huko Ulaya? – Mtwapa

Mwaka 1864, William Jones na mwenzake Ishmael Semler, Waafrika waliowahi kuwa watumwa na kulelewa India, walifika Rabai kufundisha. Askofu Hannington, Mwingereza, alipouawa Busoga, Uganda, mwaka 1885, Jones ndiye aliyeuongoza msafara uliobaki kurudi pwani. Wewe nenda. Ila ujifunze lugha kwanza, kwa bidii. Rebmann, mmisionari mwenzake Krapf, alikaa pwani hii miaka 29 na bado alikuwa akikusanya maneno.

Viza imekataliwa mara mbili. Wenzangu wanasema ni shetani, tufunge tena. Mimi nimechoka. – Tudor

Pumzika kwanza. Katika Matendo 16 Paulo alitaka kuhubiri Asia, Roho Mtakatifu akamkataza. Akajaribu Bithinia, akazuiwa tena. Luka hamtaji shetani hapo. Njia ilipoonekana ilikuwa ya Makedonia, ambako hakuwa amepanga.

Kwa hiyo omba ubalozi wakupe sababu kwa maandishi. Ikiwa ni hati iliyokosekana, itafute ujaze upya. Ikiwa hawaamini kwamba utarudi, barua ya mwajiri na ya kanisa inaweza kusaidia. Na wakati unasubiri, pale bandarini Kilindini hufika mabaharia wa mataifa mengi, wengine wamekaa miezi mingi bila kuona kanisa wala nyumbani. Mtafute kasisi anayewahudumia umuulize kama anahitaji mtu wa kumsaidia.