Figo haziumi zinapokufa

Mhariri, wiki hii mmetuuliza: "Ni kiungo gani cha mwili tunachokisahau mpaka kiharibike, na tufanye nini kisiharibike?" Najua wengi watajibu moyo, na wengine watataja ini kwa sababu ya pombe. Jibu langu ni figo. Ninauza dawa katika duka la dawa hapa Morogoro, na karibu kila siku namwona mtu akitoa pesa yake mwenyewe kununua kitu cha kuziumiza, huku akiamini anazitibu.

Huwa ni fundi ujenzi, au mama aliyetoka shambani, au kijana wa bodaboda aliyekaa kwenye pikipiki tangu alfajiri. Anasimama kaunta kashika kiuno kwa mikono miwili. "Dada, figo zinaniua. Nipe diklofenaki, zile kali." Nikimuuliza, anasema maumivu huanza jioni baada ya kazi, huzidi akiinama na hupungua akilala chali. Hayo ni maumivu ya misuli na pingili za mgongo. Figo zimekaa juu kidogo ya pale anaposhika, nyuma, zikiwa zimefunikwa na mbavu za mwisho. Kweli zipo nyakati figo huuma: jiwe likikwama kwenye mrija wa mkojo, mtu hugaagaa chini; na uambukizi ukizifikia, huja na homa kali, kutetemeka na maumivu ubavuni. Lakini zinapokufa polepole kwa presha au kisukari, na hivyo ndivyo zinavyokufa kwa watu wengi, haziumi hata kidogo. Mwenye mgongo anakimbilia dawa ya "figo", na mwenye figo zinazokufa anapita dukani kununua sabuni, hana habari.

Naomba nieleze jinsi figo zinavyofanya kazi, maana nimeona mtu akishaelewa hilo hahitaji kutishwa. Kila figo ina urefu wa sentimita 10 hadi 12 na uzito wa gramu 150 hivi. Zote mbili hazifiki hata nusu kilo, lakini moyo unazipelekea karibu moja ya tano ya damu yote unayosukuma, zaidi ya lita moja kila dakika. Ndani ya kila figo kuna vichujio vidogo karibu milioni moja, viitwavyo nefroni. Kila nefroni huanza na fundo la mishipa ya damu myembamba mno, kisha mrija. Msukumo wa damu yenyewe ndio unaopenyeza maji, chumvi, sukari na uchafu kwenye kuta za ile mishipa. Chembe za damu na protini hubaki ndani. Kwa siku moja maji yanayochujwa hufika lita 180 hivi, na sisi tunakojoa lita moja na nusu au mbili tu. Hizo nyingine zote zimerudishwa kwenye damu, pamoja na sukari yote na karibu chumvi yote, kipande kwa kipande, kadiri mwili unavyohitaji saa ile.

Yaani figo husafisha kama mama anayesafisha stoo: haokoti taka mojamoja, anatoa kila kitu nje, kisha anarudisha ndani anachokitaka. Uzuri wa njia hii ni kwamba taka nyingi hazihitaji kutambuliwa moja moja ili zitolewe. Kisichorudishwa kinatoka na mkojo.

Na kazi yao haiishii kwenye mkojo. Figo ndizo zinazotoa homoni inayouamuru uboho wa mifupa kutengeneza chembe nyekundu za damu, ndiyo maana mgonjwa wa figo huwa amepauka na anachoka akipanda ngazi, na vidonge vya kuongeza damu peke yake havimsaidii sana. Ndizo zinazokamilisha vitamini D ili mifupa ipate kalsiamu. Na ndizo zinazosimamia presha: zikihisi damu inafika kwa unyonge, hutoa kemikali inayoanzisha mfululizo wa kubana mishipa na kuzuia chumvi isitoke, presha ikapanda. Hapo ndipo hatari ilipo. Presha ikiwa juu kwa miaka, huchakaza vile vichujio. Figo iliyochakaa nayo hupandisha presha zaidi. Na presha ile hurudi kuua vichujio vilivyobaki.

Nefroni hazizaliwi upya. Mtu hupata zote alizonazo akiwa tumboni mwa mama yake, na baada ya hapo ni kupungua tu. Zikifa baadhi, zilizobaki huongeza bidii, na hilo ndilo linalotuponza. Kipimo cha damu cha kreatinini, yaani taka ya misuli ambayo figo huitoa, kinaweza kusoma kawaida wakati mtu ameshapoteza karibu nusu ya uwezo wa figo zake. Anafanya kazi, analima, anacheza ngoma harusini. Kuvimba miguu, kichefuchefu, kuwashwa mwili na kukosa pumzi huja mwishoni, wakati kilichobaki ni kidogo mno.

Sasa nirudi kwenye diklofenaki, na ndugu zake kama ibuprofeni. Mlango wa damu wa kila kichujio huachwa wazi kwa msaada wa kemikali ambazo mwili hujitengenezea wenyewe. Dawa hizi hutuliza maumivu kwa kuzuia kemikali za ukoo huohuo. Mlango unajibana, damu inayochujwa inapungua. Kijana mwenye afya aliyekunywa maji ya kutosha akitumia siku chache kwa sababu maalumu, kwa kawaida hapati shida. Tatizo ni yule anayezinywa kila siku ili aweze kubeba zege, au mzee mwenye presha anayetumia losartani pamoja na dawa ya kukojosha, kisha anaongeza diklofenaki juu yake. Mchanganyiko huo wa dawa tatu unaweza kuangusha figo ndani ya siku chache, hasa akiwa ameharisha au ametapika. Kwa mgongo wa kazi, parasetamoli kwa kipimo chake huzisumbua figo kidogo zaidi, ila usizidishe dozi, maana hapo utaliumiza ini. Kuchua kwa maji ya moto na kubadilisha namna ya kunyanyua mzigo navyo vinasaidia, hata kama haviuzwi kwangu.

Presha ndiyo inayoniumiza roho zaidi, kwa sababu dawa zake zipo, nyingi ni za bei ya kawaida, na watu wanaziacha njiani. Nina wateja wa siku nyingi ambao nawajua kwa vidonge vyao. Mmoja alipotea, nikamwona akipita.

"Shikamoo mzee. Mbona vidonge vyako vya mwezi huu hujavifuata?"

"Marahaba mwanangu. Presha ilishuka, sina tena."

Nilimkalisha kwenye benchi, apumzike kwanza, miguu ikanyage chini, mkono kwenye meza, asizungumze. Mashine ikaonyesha 178 juu na 104 chini. Yeye akasema hajisikii chochote. Na kweli alikuwa hajisikii chochote! Presha ilikuwa imeshuka kwa sababu ya vidonge, vilipoachwa ikapanda. Wahudumu wenzangu, jamani, tuwaambie watu neno hili siku ya kwanza wanapoandikiwa dawa, si baada ya mwaka.

Chumvi nayo ina nafasi yake hapo. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe gramu 5 kwa siku, yaani kijiko kimoja cha chai kilichosawazishwa, na hiyo ni pamoja na iliyomo kwenye mkate, ng'onda, dagaa wakavu na vile viungo vya pakiti vya kukolezea mchuzi. Ukishakula chipsi na mishkaki, halafu embe bichi la chumvi na pilipili, umeshapita.

Kuhusu maji, naona watu wanashauriana kunywa lita nyingi kila siku "kusafisha figo". Mtu mzima mwenye figo nzima anywe anaposikia kiu, na zaidi akifanya kazi juani. Jua na upungufu wa maji si jambo dogo: huko Nikaragua na El Salvador, vijana wengi wakata miwa wameugua figo bila presha wala kisukari, na joto na kazi nzito ni miongoni mwa mambo yanayotiliwa mkazo na wachunguzi. Lakini ambaye figo zake zimeshafeli hawezi kutoa maji anayokunywa. Humjaa miguuni na kwenye mapafu. Hata madafu, ambayo tunampelekea mgonjwa kwa upendo, yana potasiamu nyingi, na ikipanda kwenye damu inaweza kuusimamisha moyo. Muulizeni daktari wake kabla ya kumbebea dafu na ndizi.

Na zile chupa za "kusafisha figo" zinazouzwa stendi, msinunue. Hakuna anayejua kilichomo wala kipimo chake, na kitu kutoka kwenye mmea hakiwi salama kwa sababu hiyo tu. Mjini Brussels, mwanzoni mwa miaka ya 1990, wanawake waliokuwa wakinywa vidonge vya kupunguza unene vyenye mimea ya Kichina waliharibika figo, wakiwamo wenye umri mdogo. Chanzo kilikuwa mmea wa jamii ya Aristolochia. Baadhi yao baadaye walipata saratani ya njia ya mkojo.

Figo zikishakufa, njia ni mbili. Ya kwanza ni kusafishwa damu kwa mashine, kazi iliyoanzishwa na daktari Mholanzi Willem Kolff mwaka 1943, wakati nchi yake iko chini ya Wajerumani, akitumia utando wa kutengenezea soseji. Kwa kawaida mgonjwa hukaa kwenye mashine saa 4 hivi, mara tatu kwa wiki, maisha yake yote, na hata hivyo mashine hufanya sehemu ndogo tu ya kazi ya figo. Ya pili ni kupandikizwa. Boston, mwaka 1954, Joseph Murray na wenzake walifanikiwa kwa kutoa figo ya kijana mmoja na kumpa pacha wake wa kufanana. Hapa kwetu Muhimbili walianza mwaka 2017, kwa kushirikiana na madaktari wa India. Nawapongeza kwa moyo wote. Ila anayemtolea ndugu yake figo lazima naye awe mzima, na kwenye familia yenye presha na kisukari mtu wa namna hiyo huwa adimu.

Basi nendeni mkapime wakati hakuna kinachouma. Vipimo ni vichache: presha, sukari, kijiti cha kupimia protini kwenye mkojo, na kreatinini kwa wenye hatari zaidi. Protini kwenye mkojo huonekana mapema, kwa mwenye kisukari hasa, mara nyingi kabla kreatinini haijapanda. Mkojo unaotoa povu zito siku hadi siku nao ni sababu ya kwenda kupima. Alhamisi ya pili ya Machi ni Siku ya Figo Duniani, na hospitali kadhaa hupima watu bure. Tumieni nafasi hiyo.

Watangulie wenye presha, wenye kisukari, na wenye mzazi au ndugu aliyeugua figo. Naongeza kundi moja ambalo sijaona likitajwa vya kutosha: kina mama waliopata presha au kifafa cha mimba. Hata kama presha ilishuka baada ya kujifungua, wao wako kwenye hatari kubwa zaidi ya kuugua presha na figo miaka ya mbele, na mtoto akishamaliza chanjo zake, hakuna anayewaita tena kupima.