Maswali ya Wasomaji: Picha za Bure kwa Tovuti ya Biashara

SWALI: Ndugu Mhariri, asalaam aleikum. Nina nyumba ya wageni yenye vyumba vitano hapa Langoni, Lamu. Mwaka jana mpwa wangu alinitengenezea tovuti, akaijaza picha alizozitafuta kwenye Google: ufuo, jahazi, mlango wa nakshi na kitanda chenye chandarua. Mwezi uliopita nilipokea barua pepe ya mpiga picha aliye Ulaya, akidai malipo kwa kuwa ile picha ya jahazi ni yake. Nimeziondoa zote na tovuti imebaki tupu. Nitapata wapi picha za bure zisizoniletea madai, na nizirekebishe kwa programu gani isiyolipiwa?
Mama wa Langoni

JIBU: Waaleikum salaam, mama. Umefanya vyema kuziondoa, ingawa kuziondoa hakufuti madai ya muda ambao picha ilikuwa ikitumika. Mjibu mpiga picha huyo kwa adabu, mwombe uthibitisho kwamba picha ni yake, na ikiwa kiasi anachodai ni kikubwa, muone wakili kabla ya kulipa chochote.

Mpwa wako hakukusudia ubaya, na kosa lake ni la wengi. Google huonyesha tu picha ilipo. Haiimiliki na haina uwezo wa kukuruhusu kuitumia. Kwa Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001, picha hulindwa tangu inapopigwa, hata kama mwenyewe hakuisajili wala hakuandika jina lake juu yake. Kwa hiyo unachotafuta si picha iliyo wazi mbele ya macho, bali picha ambayo mwenyewe ametoa ruhusa, yaani leseni.

Tovuti za Unsplash, Pexels na Pixabay zina leseni zinazoruhusu picha zake kutumiwa katika biashara bila malipo na bila kulazimika kumtaja mpigaji, ingawa kumtaja ni uungwana. Tahadhari moja tu: miongoni mwa matokeo huwekwa picha za matangazo zinazouzwa, na ukibonyeza hapo unajikuta dukani. Wikimedia Commons ni hazina kubwa zaidi kwa mambo ya pwani yetu, lakini huko kila picha ina masharti yake, nawe huna budi kuyasoma chini ya picha yenyewe. Masharti hayo huandikwa kwa herufi fupi za leseni za Creative Commons, leseni za pamoja za kutoa kazi kwa umma. Ukiona CC0, mwenyewe ameachilia haki zake. Ukiona herufi BY, lazima umtaje, na zikifuatana na SA, picha utakayoitengeneza kutokana na hiyo nayo uitoe kwa masharti yaleyale. Kwingineko, kama vile Flickr, utakutana pia na NC, ambayo hukataza matumizi ya biashara, na nyumba ya wageni ni biashara. Na ND, ambayo hukataza kuibadilisha.

Leseni hiyo, hata hivyo, ni ya mpiga picha. Haimsemei mtu aliyemo ndani ya picha. Bibi aliyevaa buibui akipita kichochoroni, au watoto wanaochezea ufuoni, hawakuwahi kukubali kutangaza vyumba vyako, na Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 hutaka idhini ya mtu kabla ya taarifa zake kutumiwa kibiashara. Tena ni majirani zetu. Waombe ruhusa kwa maandishi, na kwa mtoto muombe mzazi wake.

Sasa niseme ninaloliamini kwa dhati: picha za bure zifae bahari, mawingu, kikombe cha kahawa na mnazi, lakini chumba na mlango viwe vyako mwenyewe. Nimeona tovuti za hapa Lamu zenye mlango wa Unguja uliojaa misumari mikubwa ya shaba. Mgeni anayekuja kwa ajili ya mlango ule ataukosa akifika, na atajiuliza ni nini kingine ambacho hakikuwa kweli.

Kupiga picha za vyumba kwa simu si kazi ngumu. Vyumba vya nyumba zetu za mawe ni virefu na vyembamba, kwa kuwa upana wake ulifuata urefu wa boriti za mikoko, na anayetaka kupata dari na sakafu kwa pamoja huinamisha simu hadi kuta zikatoka zimelala. Simama konani, shika simu kwa kimo cha kifua, wima kabisa. Piga asubuhi, mwanga ukiingia kwa ubavuni, na kila kidaka cha chokaa kitatoa kivuli chake, nakshi ionekane hadi kwenye ncha. Taa zizimwe, kwa sababu umanjano wa balbu ukichanganyika na mwanga wa mchana huifanya chokaa nyeupe ionekane kama imechafuka.

Kwa kurekebisha, anza na Snapseed, ambayo ni ya bure na hufanya kazi kwenye simu; hunyoosha kuta zilizolala na kusawazisha weupe. Mwenye kompyuta atumie GIMP, inayopatikana bure tangu 1996, au Photopea, inayofunguka ndani ya kivinjari bila kusakinisha kitu. Canva ni nyepesi kwa mabango, ila vipengele vyenye alama ya taji hulipiwa.

Mwisho, punguza uzito. Picha ya simu huweza kuwa na upana wa pikseli 4,000 na megabaiti kadhaa, ilhali kwa tovuti pikseli 1,600 zinatosha na faili haina haja ya kuzidi kilobaiti 300. Squoosh hulifanya hilo bure ndani ya kivinjari. Kwa kila picha uliyoipakua, hifadhi anwani ya ukurasa wake, jina la mpigaji, tarehe na nakala ya leseni ya siku hiyo, maana masharti hubadilika. Pixabay, kwa mfano, iliacha CC0 mwaka 2019.

SWALI: Je, picha ambazo wageni wangu huziweka Instagram wakiwa kwenye mashua yangu, naweza kuziweka kwenye tovuti bila kuwauliza? Mashua ni yangu.
Nahodha, Malindi

JIBU: Hapana, nahodha. Mashua ni yako lakini picha ni ya aliyeipiga. Mwandikie ujumbe mfupi ukimuomba picha hiyo kwa ajili ya tovuti, naye akijibu kwamba amekubali, uhifadhi ujumbe huo. Wageni wengi hufurahi kuombwa, na baadhi yao watakutumia faili lenye ubora kuliko lile la Instagram.