Kwa nini nchi za Wajerumani zilichelewa kuungana

Ukilinganisha na Ufaransa, iliyokusanywa mapema chini ya ukoo mmoja wa kifalme, utaona kwamba kikwazo kikubwa kwa Wajerumani kilikuwa namna ya kumpata kaisari. Katika Dola Takatifu la Kiroma, yaani dola lililojumuisha nchi nyingi za Wajerumani, kaisari alichaguliwa, na hati aliyoitoa kaisari Karl IV mwaka 1356 iliwathibitishia haki hiyo wakuu saba, yaani maaskofu wakuu watatu na watawala wanne wasio wa kanisa, pamoja na madaraka mapana katika maeneo yao wenyewe. Kwa kuwa aliyetaka taji alilazimika kuwaridhisha kwanza, kila uchaguzi uliwapa nafasi ya kudai zaidi.

Matengenezo ya Kanisa, yaani vuguvugu la karne ya 16 lililowatenga Waprotestanti na Wakatoliki, yaliongeza mgawanyiko huo. Mapatano ya Augsburg ya 1555 yalimruhusu kila mtawala kuchagua kati ya Ukatoliki na Ulutheri katika nchi yake, na baada ya Vita vya Miaka Thelathini (1618–1648) vilivyopiganwa katika nchi hizo, amani ya Westfalia ya 1648 iliwaruhusu watawala hao kufanya mapatano na mataifa ya nje, mradi yasimdhuru kaisari wala dola. Ufaransa na Uswidi zikawa wadhamini wa mpango huo, na Ufaransa hasa haikutamani jirani mwenye nguvu.

Baadaye Austria na Prussia, dola mbili zenye nguvu zaidi kati ya nchi za Wajerumani, zilizuiana, kila moja ikikataa kuongozwa na mwenzake, hadi Prussia iliposhinda vitani mwaka 1866. Hata muungano wa 1871 uliwaacha nje Wajerumani wa Austria.