Maswali ya Wasomaji: King'ora cha wezi kisicho na waya, fundi ni wewe mwenyewe

SWALI: Nina nyumba ya vyumba vitatu, ya tofali na bati, yenye madirisha ya aluminiamu ya kusukuma na nondo kwa nje. Dukani nimeonyeshwa seti ya king'ora isiyo na waya yenye sensa kumi za sumaku na moja ya mwendo. Muuzaji anasema kazi ni kubandika tu. Je, seti hiyo inanitosha, na nianzie wapi?
Msomaji, Kibaha

JIBU: Usilipe kwanza. Chora nyumba yako kwenye karatasi, uweke alama kila mahali mtu anapoweza kupita, kisha kwa kila alama ujiulize: usiku nikiwa nimelala, hapa pamefungwa au pako wazi? Jibu la hapo ndilo linalochagua sensa.

Sensa ya sumaku hutuma taarifa pale vipande vyake viwili vinapoachana, yaani mlango unapofunguliwa. Dirisha unaloliacha wazi upate upepo halilindwi na sumaku, maana limeshafunguliwa tayari. Na mwizi akikata nondo za dirisha lililo wazi, fremu hata haigusi. Kwa hiyo sumaku kumi ni hesabu ya seti, si ya nyumba yako.

Kwa nyumba kama hiyo sisi tungenunua sumaku 2 (mlango wa mbele na wa jikoni), sensa ya kawaida ya mwendo 1 ya korido, sensa za mwendo za pazia 2 za madirisha makubwa ya sebule, ving'ora 2, kimoja ndani na kimoja nje, rimoti 2 na kitufe cha dharura 1 cha kando ya kitanda. Sensa ya pazia huona ukanda mwembamba tu. Ifunge juu ya fremu, kati ya kioo na kitambaa cha pazia, ikitazama chini: anayeingia lazima aukate ukanda ule, na nyinyi mlioko sebuleni hamuisumbui. Kitambaa kikibana kona, kisipeperuke mbele yake, itatulia.

Korido ndiyo mahali pa thamani kuliko pote, kwa sababu hata aliyeshukia darini baada ya kufungua bati atapita hapo. Funga sensa mwisho wa korido, mita 2.1 hadi 2.4 kutoka sakafuni, iione milango yote. Sensa ya aina hii haipimi joto lenyewe, inapima joto linalohama kutoka mstari mmoja wa kuona kwenda mwingine. Mtu anayekatisha mbele yake huonekana haraka; anayeijia uso kwa uso huweza kusogea hatua kadhaa kabla haijashtuka. Kwa ukanda wenu wa joto kuna jambo la ziada: ukuta ukifikia nyuzi 33 au 34 unakaribia joto la ngozi ya mtu, na sensa huona kwa shida. Ijaribu saa tisa alasiri, usiijaribu asubuhi peke yake.

Kwenye paneli, yaani boksi kuu linalopokea taarifa za sensa zote, weka mipangilio miwili. Ukiondoka, kila kitu kiwe kazini. Mkilala, milango na madirisha viwe kazini na korido izimwe, la sivyo mtoto akienda chooni ataamsha mtaa mzima.

Kabla ya kushika drili, shikiza kila kifaa kwa gundi ya muda mahali ulipokusudia, uishi nacho kwa wiki moja. Paneli ikae katikati ya nyumba, kimo cha mita 1.5 hivi, isionekane dirishani, mbali na boksi la meini swichi na rauta, na kamwe isiwe ndani ya kabati la chuma. Zile mita 100 zilizoandikwa kwenye boksi ni za uwanja wa wazi. Kuta za tofali, nondo na bati hula sehemu kubwa. Seti nyingi za bei ya chini hutumia masafa ya 433 MHz, na antena yake ya waya ina urefu wa kama sentimita 17. Usiikate wala kuikunja kunja ili ienee ndani ya boksi.

Mlango wa chuma una adabu zake. Chuma huvuta nguvu ya sumaku na kuzuia mawimbi ya sensa, kwa hiyo weka kipande cha plastiki au mbao cha sentimita 1 chini ya vipande vyote viwili, alama zake zikitazamana. Mlango ukiwa umefungwa, pengo lisizidi sentimita 1. Kisha utikise kwa nguvu kama upepo unavyoutikisa. King'ora kikilia, pengo ni kubwa au komeo limelegea. Tengeneza komeo kwanza.

Wengi hurudisha sensa za mwendo dukani wakidai zimekufa, kumbe zimelala. Ili kutunza betri, sensa nyingi zisizo na waya zikishatuma taarifa moja hukaa kimya kwa dakika 3 hivi, na baadhi huanza kuhesabu upya kila zikiona mtu. Ukikaa mbele yake ukipunga mkono hazitajibu hata jioni. Fungua kifuniko, utakuta pini ndogo ya kuhamishia kwenye hali ya majaribio, ambayo hupunguza muda huo hadi sekunde chache. Kama haina, toka chumbani, funga mlango, rudi baada ya dakika 5. Ukimaliza majaribio irudishe pini ilipokuwa, betri zisije zikaisha mapema.

Mwisho, ile gundi ya pande mbili iliyomo kwenye boksi haidumu kwenye rangi ya maji. Rangi hubanduka nayo. Tumia skrubu.

SWALI: King'ora changu hulia usiku mara mbili tatu kwa wiki. Hakuna mlango uliofunguliwa, hakuna mtu. Simu inaonyesha ni sensa ya mwendo ya baraza la nyuma, iliyofungwa juu ya mlango pembeni ya taa. Majirani wameanza kulalamika. Nipunguze nguvu yake?
Msomaji, Tanga

JIBU: Hamisha sensa, au hamisha taa. Taa huvuta wadudu, wadudu huvuta mijusi, na mjusi mdogo anayepita sentimita moja mbele ya kioo cha sensa ni mkubwa machoni pake kuliko mtu aliye mita nane. Buibui hufanya vivyo hivyo. Isogeze angalau mita 2 kutoka kwenye taa. Ziba kwa silikoni tundu la skrubu na la waya kwa nyuma, maana sisimizi huingia humo wakatembea juu ya kihisio chenyewe. Kioo kifute kwa kitambaa laini kila mwezi.

Kisha angalia kama hiyo sensa ni ya nje kweli. Ya ndani ikifungwa barazani itadanganywa na jua linaloakisi sakafuni, nguo kwenye kamba na paka wa jirani, na hapo Tanga hewa ya chumvi italeta kutu kwenye vishikio vya betri. Ya nje halali huwa na macho mawili yanayotakiwa kuona kitu kwa pamoja, la juu na la chini, ndipo itume taarifa. Bei yake iko juu. Kama fedha haitoshi, iondoe barazani uiingize jikoni, na mlango wa nyuma uulinde kwa sumaku.

Kupunguza nguvu liwe jaribio la mwisho. Kuna pini inayoamua sensa ishtuke kwa pigo moja au mawili, yaani ikiona mwendo mara moja au mara mbili. Mawili hupunguza kelele za bure, ila pia humpa mwizi hatua za ziada. Usiiguse kabla hujaondoa mijusi.

SWALI: Umeme huku hukatika hata saa kumi mfululizo. King'ora changu kinatumia waifai na kina betri ya volti 12, Ah 7 (ampea-saa 7). Fundi anataka kuniuzia betri kubwa zaidi. Je, ni lazima?
Msomaji, Mwanza

JIBU: Tufanye hesabu. Paneli iliyotulia ikila ampea 0.12, betri ya Ah 7 ingetoa saa 58 kwenye karatasi. Chukua nusu, kwa kuwa betri huzeeka na haifai kukaushwa: saa 29. King'ora kinachokula nusu ampea kikilia dakika 5 kinatumia kama Ah 0.04 tu, hivyo hofu ya mlio kumaliza betri haina msingi. Anayekula ni rauta. Ikitumia ampea 0.6 kutoka kwenye betri hiyohiyo, nusu ya betri inaisha kabla ya saa 6, na bila rauta king'ora kinalia bila wewe kupata habari.

Badala ya betri kubwa nunua paneli inayotumia laini ya simu. Ondoa namba ya siri ya laini ukiwa umeiweka kwenye simu ya kawaida. Weka salio la kawaida, si kifurushi, maana kifurushi huisha muda hata kama hukukitumia. Laini isajiliwe kwa jina lako, na piga au tuma ujumbe kupitia paneli kila mwezi, kwa sababu laini isiyotumika hufungwa na kampuni. Namba ya kwanza iwe ya mtu aliye karibu na nyumba. Kuna paneli ambazo zikijibiwa na ule ujumbe wa kwamba mteja hapatikani huhesabu simu imepokewa na haziendi namba ya pili, kwa hiyo washa pia ujumbe mfupi kwa namba zote.

Betri uliyonayo ipime. Ikiwa kwenye chaji isome volti 13.5 hadi 13.8. Zima umeme wa paneli saa mbili usiku. Asubuhi ikiwa imezimika, badilisha betri hiyo kwa nyingine ya ukubwa uleule. Isikae karibu na dari la bati: joto hupunguza umri wake kwa kasi.

SWALI: Nimepanga fleti ghorofa ya tatu na mwenye nyumba hataki kuta zitobolewe. Bado naweza?
Msomaji, Nairobi

JIBU: Ndiyo, na kwako vifaa ni vichache: sumaku ya mlango, sensa ya mwendo iliyosimama juu ya kabati ikitazama mlango, king'ora cha ndani. Milango iliyopakwa rangi ya mafuta inashika gundi vizuri ukiifuta kwa spiriti na kuiacha ikauke. Sensa iliyo juu ya kabati ibane isigeuke mtu akipangusa vumbi. Namba ya kwanza weka ya keateka wa jengo.

SWALI: Ni kweli rimoti ya king'ora inaweza kunakiliwa?
Msomaji, Morogoro

JIBU: Ya bei ya chini, ndiyo. Rimoti nyingi za 433 MHz hutuma namba ileile kila unapobonyeza, na zile rimoti tupu wanazouza mafundi wa mageti huinakili kwa sekunde chache. Nunua mfumo ambao namba ya rimoti hubadilika kila mbonyezo. Kama umeshanunua ule mwingine, futa rimoti kwenye kumbukumbu ya paneli, uwe unazima kwa namba ya siri unayoibonyeza kwenye paneli ukutani, na muda wa kuingia, yaani ule unaopewa kabla king'ora hakijalia, uweke sekunde 20.